Maswali ya Wasomaji: Vunjajungu Aliyepata Umaarufu Mitandaoni

Kwa miezi kadhaa sasa barua zinazoifikia safu hii zimekuwa zikimtaja mdudu mmoja kuliko wote. Zamani tuliulizwa kuhusu mbwa, njiwa na samaki wa urembo. Siku hizi tunaulizwa kuhusu vunjajungu, na karibu kila msomaji huanza kwa kueleza video aliyoiona kwenye simu. Wengi wetu tulikatazwa utotoni hata kumgusa, kwa hofu kwamba chungu kitavunjika nyumbani, na leo watoto wetu wanataka kulala naye chumba kimoja. Tumechagua barua tano. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Binti yangu wa miaka 13 ameona TikTok vunjajungu wa rangi nyeupe na waridi anayefanana kabisa na ua la okidi, na sasa hataki kusikia habari ya zawadi nyingine. Je, mdudu huyo anafugika, na ninaweza kumwagiza? — Mama wa Nyali, Mombasa

Mama, anafugika, lakini utakayempokea hatakuwa yule wa kwenye video. Jina lake la kitaalamu ni Hymenopus coronatus, na kwao ni misitu yenye unyevu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ikiwemo ya Malaysia na Indonesia. Video nyingi humwonyesha jike, au tunutu (vunjajungu ambaye bado hajapevuka) aliyekwisha kukua, katika kile kipindi kifupi ambacho rangi yake imekolea, akiwa amewekwa juu ya ua la okidi ambalo mpiga picha amelinunua dukani. Porini hana haja ya ua hilo. Watafiti waliofanya kazi yao Malaysia walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayoonyesha kwamba mwili wake wenyewe huwavuta wadudu wachavushaji, tena kwa wingi kuliko ua la kawaida la eneo hilo walilomlinganisha nalo, kwa hiyo anaweza kukaa juu ya majani matupu na bado chakula kikamfuata alipo.

Anayeuzwa, kwa kawaida, ni mtoto. Anapoanguliwa huwa na rangi nyekundu na nyeusi kama chungu mdogo, na binti aliyesubiri ua jeupe anaweza kudhani ametapeliwa. Weupe huja baada ya kujivua gamba mara ya kwanza, na kuanzia hapo rangi hubadilika polepole kati ya nyeupe na waridi kwa kufuata mwanga na unyevu wa mahali anapokaa, si kwa kufuata matakwa ya mwenye nyumba. Akitokea kuwa dume, atakomea kwenye sentimita 3 hivi, ilhali jike hufikia 6 au 7. Maisha yake yote, tangu kuanguliwa hadi kufa, kwa kawaida hayazidi mwaka mmoja, na siku hizo zote anataka kulishwa wadudu hai, hasa wale wanaoruka: kwanza vijinzi vya matunda, kisha inzi na nondo. Nyumba ambayo dawa ya mbu hupulizwa kila jioni haimfai hata kidogo, kwa sababu dawa iliyopigwa chumba cha pili inaweza kumwua.

Kuhusu kuagiza, mdudu hai kutoka nchi nyingine huhitaji vibali vya kuingizwa nchini, na muuzaji anayekuambia kwamba atamficha ndani ya kifurushi cha nguo anakuuzia kesi. Ningekushauri uanze na vunjajungu wa hapo hapo Pwani. Washa taa ya baraza usiku baada ya mvua, na aghalabu madume watakuja wenyewe. Binti amtazame anavyosafisha miguu ya mbele kwa mdomo, mwiba mmoja baada ya mwingine, na anavyopitisha mguu huo kichwani kufuta macho, kama paka aliyemaliza kula. Akiona hilo linamchosha kabla ya nusu saa kwisha, utakuwa umeokoa fedha zako.

Naishi kijijini chini ya milima ya Uluguru. Niliweka Instagram picha ya vunjajungu mkubwa wa kijani na nyeupe, mwenye mikono mipana ambayo upande wa ndani ina rangi ya zambarau na nyekundu. Mtu wa Ulaya ameniandikia anataka nimkusanyie vifuko vya mayai vya mdudu huyo, nivifunge ndani ya soksi, nivitume kwa posta na kwenye fomu niandike "zawadi". Anaahidi fedha nzuri. Mjomba anasema mdudu si tembo, hakuna wa kunikamata. Je, kuna kosa? — Kijana wa Morogoro

Hoja ya mjomba wako inasikika vizuri barazani, lakini mahakamani haisikiki. Kwa maelezo uliyotoa, uliyempiga picha ni Idolomantis diabolica, ambaye kwao ni Afrika Mashariki: Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Ethiopia na majirani zao. Ni mmoja wa vunjajungu wakubwa kuliko wote wanaofugwa, kwa kuwa jike hupita sentimita 10, na ni miongoni mwa wanaotafutwa zaidi, kwa sababu anapotishwa huinua mikono yake mipana na kuonyesha rangi ambazo kamera inazipenda. Kadiri video za aina hiyo zinavyosambaa, ndivyo watu wanaomtaka wanavyoongezeka, na ndivyo wafugaji wanavyoshindwa kutosheleza mahitaji, kwa maana si mdudu rahisi kuzalisha. Anataka joto la nyuzi 30 na zaidi, halishwi karibu chochote ila inzi na wadudu wengine warukao, na asipokuwa na dari ya wavu ya kushikilia vizuri wakati wa kujivua gamba huteleza, huanguka na kufa. Pale ambapo kuzalisha ni kugumu na kununua ni kwepesi, macho ya wanunuzi hugeukia porini, na porini kwenyewe ni kwenu.

Sasa sheria. Machi 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na zuio hilo halikuwagusa wakubwa peke yao. Wanavijiji wa milima ya Usambara Mashariki, ambao kupitia Mradi wa Vipepeo wa Amani walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yao Ulaya na Marekani kwa njia halali kabisa, nao walikosa soko. Kama wafugaji wenye mradi unaojulikana na serikali walizuiwa, fikiria nafasi ya mtu mwenye soksi.

Kwa jirani mambo yalikwenda mbali zaidi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, kila mmoja akiwa na miaka 19, walikamatwa Kenya wakiwa na malkia wa chungu wapatao 5,000, wamefungwa ndani ya mirija midogo iliyowekewa pamba ili waishi safarini. Hawa walikuwa chungu wavunaji, aina ya Messor cephalotes, ambao nao wana soko kubwa Ulaya na Asia miongoni mwa watu wanaofuga chungu ndani ya makasha ya kioo. Vijana walikiri, wakajitetea kwamba hawakujua kuwa ni kosa, na tarehe 7 Mei mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikamtaka kila mmoja alipe faini ya shilingi milioni 1 za Kenya au atumikie kifungo cha miezi 12. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilieleza kesi hiyo kuwa dalili kwamba magendo yanahama kutoka kwenye wanyama wakubwa kwenda kwa viumbe wasiotazamwa. Nawe utazame jambo ambalo magazeti mengi yaliligusa juu juu: siku hiyohiyo, katika kesi ya pili ya chungu, alihukumiwa pia Mkenya, na adhabu ikawa ileile. Mnunuzi hukaa mbali. Mwenyeji ndiye mwenye anwani inayojulikana.

Neno "zawadi" kwenye fomu halitakusaidia. Kinyume chake, litakuwa ushahidi kwamba ulijua unachokificha.

Liko pia suala la mdudu mwenyewe, ambalo kwangu lina uzito kuliko faini. Kifuko kimoja cha aina hii hutoa tunutu wapatao 30 hadi 50, na wengi wao wangeliwa na ndege, buibui na chungu kabla ya kukua. Anayekusanya vifuko vyote vya bonde moja kwa msimu mmoja, basi, amechukua kizazi kizima cha bonde hilo, pamoja na wale wachache ambao wangebaki kutaga mwaka unaofuata. Hakuna anayewahesabu vunjajungu wa Uluguru kila mwaka, kwa hiyo upungufu wake hautatangazwa na mtu yeyote.

Picha usiiondoe, ni nzuri. Ondoa jina la kijiji na alama ya ramani iliyoambatana nayo, kwa kuwa mnunuzi uliyemkatalia ataisoma na kumtafuta kijana mwingine wa jirani. Na kama unavutiwa kweli na kazi hii, ulizia ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu kibali cha ufugaji kabla hujakusanya hata kifuko kimoja. Jirani zetu wa Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede kwenye pwani ya Kenya, wamefuga na kuuza mabuu ya vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo tangu mwaka 1993, na msitu wao umekuwa na watetezi zaidi kwa sababu hiyo.

Nafuga vunjajungu wanane hapa Hamburg, wote waliozalishwa na wafugaji wa Ujerumani, na nina ukurasa wa TikTok kwa Kiswahili. Nikiweka video ya vunjajungu aliyetulia, haitazamwi. Nikimchokoza akafungua mbawa, watazamaji ni maelfu. Wengine wananiomba nimpe panya mchanga, au niwakutanishe majike wawili. Je, kumchokoza mara mojamoja kuna madhara? — Msomaji wa Hamburg

Ndugu yangu, hilo ndilo swali ambalo wafugaji wengi wenye wafuasi wanalikwepa, na nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi. Kile ambacho watazamaji wako wanakiita "kucheza" au "kusalimia" ni woga. Chukua mfano wa Pseudocreobotra wahlbergii, yule mdogo wa Afrika Mashariki na Kusini ambaye juu ya kila ubawa ana duara lenye mzingo mweusi unaofanana na tarakimu 9. Akikaa kwa amani, alama hiyo huonekana kama doa la ua tu. Ni pale anapohisi kwamba anakaribia kuliwa ndipo anapofungua mbawa zote na kukuelekezea macho mawili makubwa ya uongo. Hiyo ni silaha yake ya mwisho, kwa sababu asipomtisha adui kwa rangi hana kingine cha kufanya ila kukimbia. Mara moja haitamwua. Lakini hakuna ukurasa unaoishi kwa video moja, na mdudu anayetishwa kila Ijumaa kwa ajili ya wafuasi huacha kula, hujirusha ukutani, na mwishowe huvunjika mguu.

Hatari kubwa iko kwenye siku za kujivua gamba. Vunjajungu hujining'iniza kichwa chini, akajitoa polepole ndani ya ngozi yake ya zamani, na kwa muda huo mwili wake ni laini kiasi kwamba mtikisiko mdogo unaweza kumwangusha. Akianguka, miguu na mbawa hukauka zikiwa zimepinda, na hapo hakuna tiba. Siku chache kabla yake hukataa chakula, na akiwa amebakiza gamba la mwisho utaona vifuko vya mbawa mgongoni vimevimba. Katika siku hizo asiguswe kabisa, na mdudu hai aliyebaki bila kuliwa aondolewe ndani ya chombo, maana nyenje mwenye njaa humtafuna mwenyeji wake akiwa hajiwezi. Chombo chenyewe kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu. Nimeona video nyingi zenye mamilioni ya watazamaji ambamo vunjajungu mkubwa amewekwa ndani ya kijisanduku kipana kifupi, kwa sababu tu humo anaonekana vizuri zaidi.

Panya, hapana. Ni kweli kwamba porini vunjajungu wakubwa huweza kukamata hata ndege wadogo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilikusanya matukio 147 ya namna hiyo kutoka nchi 13. Hayo ni matukio ya nadra yaliyokusanywa kwa miaka mingi na mahali pengi, na hayamfanyi panya kuwa lishe. Panya huuma, na mara nyingi vunjajungu ndiye anayepoteza jicho. Tena sheria ya Ujerumani ya ulinzi wa wanyama inakataza kumtesa au kumwua mnyama mwenye uti wa mgongo bila sababu ya msingi, na sidhani kwamba kutafuta watazamaji kutahesabiwa kuwa sababu ya msingi. Majike wawili wakikutanishwa, mmoja ataliwa. Mwisho wake unajulikana kabla ya kamera kuwashwa, na wanaouomba wanaujua.

Nisiwe mkali kupita kiasi, hata hivyo, maana mitandao hiyohiyo imewafanyia vunjajungu mema ambayo majarida kama hili hayakuyaweza. Miaka 30 iliyopita mfugaji anayeanza alijifunza kwa kuua. Leo mtu yeyote anaweza kuona kwa dakika tano jinsi ya kutundika wavu, jinsi ya kunyunyiza maji bila kumlowesha mdudu, na jinsi ya kutofautisha dume na jike kwa kuhesabu pingili za tumbo upande wa chini, ambazo kwa jike ni 6 na kwa dume ni 8. Phyllocrania paradoxa, yule anayefanana na jani kavu lililojikunja, ambaye kwao ni Afrika na Madagaska, sasa huzalishwa kwa wingi na kwa wepesi na wafugaji wa Ulaya, kiasi kwamba hakuna sababu ya mtu kuja kumchukua porini. Umaarufu ukiangukia aina inayozaana vizuri nyumbani, madhara ni machache. Shida huanza unapoiangukia aina isiyozaana kirahisi.

Kwa hiyo piga video za kujivua gamba, simu ikiwa imesimamishwa mbali na kasi ya picha ikiongezwa baadaye. Onyesha mawindo ya inzi wa kawaida. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki na kuwaonyesha picha za mawindo ili kuthibitisha kwamba wanaona umbali kwa macho mawili, na picha za mdudu mwenye miwani zilizunguka dunia nzima bila yeye kufungua ubawa hata mmoja. Na kwenye kila video taja kwamba wadudu wako walizalishwa Ujerumani. Barua iliyotangulia ya kijana wa Morogoro inaeleza ni nani anayedhurika usipotaja.

Vunjajungu wangu ana doa jeusi kwenye jicho ambalo hunifuata kila nigeukapo. Kwenye mitandao wanasema ni dalili kwamba amemzoea mwenye kumfuga. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, Dodoma

Si kweli. Jicho la vunjajungu limeundwa kwa vijicho vingi vidogo, kila kimoja kikielekea upande wake. Vile vinavyokuelekea moja kwa moja humeza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana huonekana vyeusi, na ukihama upande, vinavyokuelekea ni vingine. Doa hilo litamfuata hata mwizi. Usiku utaliona jicho zima limekuwa jeusi, nalo si ugonjwa. Doa linalopaswa kukutia wasiwasi ni lile la kahawia lisilohama, ambalo mara nyingi hutokana na kusugua jicho kwenye ukuta wa chombo cha plastiki angavu akijaribu kutoka. Mbadilishie chombo, au funika upande mmoja kwa karatasi.

Baada ya kuona video za bustani nilinunua kifuko cha mayai cha vunjajungu, na kimeanguliwa dirishani: watoto ni zaidi ya mia moja. Naweza kuwaachia nje? Na rafiki wa jimbo jingine anataka kunitumia kifuko cha vunjajungu wa Afrika ili nimkumbuke nyumbani. — Msomaji wa Columbus, Marekani

Kinachouzwa kwenye maduka ya bustani huko ni, kwa kawaida, Tenodera sinensis, vunjajungu wa kutoka China ambaye aliripotiwa karibu na Philadelphia mwaka 1896 na tangu hapo amesambaa. Wauzaji humsifu kwamba atakula wadudu waharibifu. Hula chochote kinachotembea karibu naye, wakiwemo nyuki na vipepeo uliowapandia maua, na vilevile vunjajungu mdogo wa asili ya huko, Stagmomantis carolina. Kumnunua hukufanya kosa, lakini sikushauri uwaongeze mia nyingine.

Cha rafiki yako kikatae. Vunjajungu wa kigeni huhitaji kibali cha Idara ya Kilimo ya Marekani ili aingizwe nchini au asafirishwe kati ya jimbo na jimbo, na ziko sababu. New Zealand ilimpata vunjajungu wa Afrika Kusini, Miomantis caffra, mwaka 1978. Madume wa vunjajungu wa kienyeji wakawa wanavutwa na harufu ya majike wageni kuliko ya majike wa kwao, wakiwaendea wanaliwa, na yule wa kienyeji sasa anapungua mahali pengi ambapo mgeni amefika.

Kwa hao walio dirishani, chagua watatu au wanne na umpe kila mmoja kikombe chake, kwa sababu wakikaa pamoja watakulana. Wengine watie kwenye friza wakiwa ndani ya chombo kilichofungwa, na uwaache humo siku mbili. Ukija kupata kifuko kingine ambacho hakijaanguliwa, friza usiitegemee, kwa kuwa mayai ya aina hiyo hupitisha majira ya baridi nje chini ya theluji; kichemshe. Kwa uliowabakiza, kikombe cha plastiki chenye kipande cha wavu kwa juu kinatosha kwa wiki chache za mwanzo, na vijinzi vya matunda visivyoweza kuruka vinauzwa kwenye maduka ya wanyama wa kufugwa.